Kate Chase: Aliyeendesha Kampeni Bila Cheo

Kufikia Januari 1852, Salmon Portland Chase, wakili wa Cincinnati na mwakilishi wa Ohio katika Seneti ya Marekani, alikuwa amezika wake watatu na mabinti wanne. Mke wa kwanza alifariki 1835, muda mfupi baada ya kujifungua. Wa pili, Eliza Ann Smith, aliondoka 1845 kwa kifua kikuu. Wa tatu, Sarah Bella Ludlow, akafuata 1852. Kati ya mabinti sita aliojaliwa, walibaki wawili: Kate, mtoto wa Eliza, aliyezaliwa 13 Agosti 1840, na Nettie, mtoto wa Sarah Bella, aliyezaliwa 1847. Chase hakuoa tena. Alikuwa mwanasiasa mwenye hamu ya urais, na katika siasa za Marekani za wakati ule mtu wa namna hiyo alihitaji nyumba inayopokea wageni na mwanamke wa kuisimamia. Nafasi hiyo ilikuwa ikimsubiri Kate kabla hajafika umri wa kujua ni nafasi gani.

Wengi wanaosimulia maisha yake huanza na uzuri wake na kumalizia na kashfa zake. Uzuri ulikuwepo na kashfa zilikuwepo, lakini mpangilio huo huficha kazi aliyoifanya kwa karibu miaka ishirini: kuendesha kampeni za baba yake bila cheo, bila mshahara na bila hata haki ya kupiga kura. Kila chombo alichofanyia kazi, yaani nyumba, jina na fedha, kilikuwa mali ya mwanamume fulani. Ukiyatazama maisha yake kwa jicho hilo, kuporomoka kwake hakuna fumbo lolote.

Alisomeshwa kwa makusudi. Akiwa bado mtoto alipelekwa New York, kwenye shule ya bweni ya Miss Haines, iliyopokea mabinti wa matajiri. Baba alimwandikia mara kwa mara na kumrudishia masahihisho: mwandiko, tahajia, na hasa uvivu wa kueleza. Alitaka barua itaje nani alikuwepo, kasema nini, mambo yakaendaje. Ni malezi makavu kwa mtoto asiye na mama, na sioni haja ya kuyapamba, ila ndiyo yaliyomfundisha kutazama watu na kutoa taarifa. Chase alipokuwa gavana wa Ohio, kuanzia 1856, binti alirudi Columbus na kukabidhiwa nyumba. Hata miaka kumi na sita alikuwa hajaitimiza.

Baba huyo hakuwa mwanasiasa wa karamu tu. Alijijengea jina mahakamani kwa kuwatetea watumwa waliotoroka kutoka Kentucky na kuvuka Mto Ohio. Katika kesi ya Matilda, mwaka 1837, alishindwa na msichana akarudishwa utumwani. Katika kesi ya Van Zandt alifika hadi Mahakama ya Juu ya nchi, akashindwa tena 1847. Wapinzani wake walimwita mwanasheria mkuu wa watumwa watoro, naye hakuona kuwa ni tusi. Msimamo huo utarudi kuiamua hatima ya binti yake.

Mwaka 1861 Abraham Lincoln alimteua Chase kuwa Waziri wa Fedha. Kwa itifaki ya Washington, Waziri wa Fedha alifuata nyuma ya Waziri wa Mambo ya Nje. Mke wa waziri huyo, Frances Seward, alikuwa mgonjwa na muda mwingi alikaa kwao Auburn, jimbo la New York. Kwa hiyo Kate, akiwa na miaka 20, alijikuta akisimama karibu kabisa na Mary Lincoln katika ngazi za wanawake wa mji ule. Uhasama wa wawili hao umesimuliwa mno, na mengi katika masimulizi hayo ni umbea wa sebuleni. Chanzo chake kilikuwa cha kisiasa: nyumba ya Chase, pale pembeni mwa barabara ya Sita na E, ilikuwa makao ya mtu aliyetaka kiti cha mume wa Mary.

Kazi ya mwenyeji ilikuwa na kanuni zake. Kila nyumba ya waziri ilitenga siku ya wiki ya kupokea wageni. Mgeni aliacha kadi yenye jina lake. Kadi iliyokunjwa pembe ilimaanisha kaja mwenyewe, hakutuma mtumishi. Ziara ilirudishwa kwa ziara, na kuchelewa kurudisha kulihesabiwa kuwa dharau. Kwa hiyo lazima uwe na orodha: nani kaja, lini, kajibiwa au bado. Mezani watu waliketi kwa vyeo, na kosa la kiti kimoja liliweza kumkasirisha seneta ambaye kesho yake angepiga kura juu ya uteuzi au muswada wa Wizara ya Fedha. Wizara hiyo ndiyo iliyokuwa na kazi nyingi za kugawa nchini, zikiwemo za forodha, na forodha ya New York peke yake ilitosha kulisha chama kizima. Wageni wengi waliokuja kunywa chai walikuwa na ndugu wa kuombea nafasi. Kate alijua yupi anaomba nini na yupi anadai nini. Mwanamume mwenye daftari kama hilo angeitwa katibu wa kampeni.

Tatizo lilikuwa fedha. Mshahara wa waziri ulikuwa dola 8,000 kwa mwaka, na kuendesha nyumba ya aina ile, na farasi, watumishi, karamu na magauni, kuliula wote na kudai zaidi. Chase alijulikana kwa uaminifu wa binafsi, lakini aliishi karibu mno na benki. Jay Cooke, mtu wa benki wa Philadelphia, ndiye aliyekabidhiwa kuuza hati fungani za vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kaskazini na Kusini (1861–1865), zilizoitwa tano-ishirini, zenye riba ya asilimia 6, ambazo serikali iliweza kuzilipa baada ya miaka 5 na lazima izilipe ifikapo 20. Alizisambaza hadi vijijini, zikauzwa zaidi ya dola milioni 500. Cooke huyohuyo alikuwa rafiki wa familia na mshauri wa fedha binafsi za Waziri. Hakuna aliyehitaji kuiba chochote ili mahusiano hayo yawe mabaya.

Mwaka 1862, serikali ilipotoa noti mpya za karatasi, noti ya dola moja ilibeba sura ya Chase mwenyewe. Askari wa kawaida alilipwa dola 13 kwa mwezi, kwa hiyo uso wa mgombea uliingia katika mifuko ya wapiga kura kwa gharama ya serikali. Kwa ujanja, nampa alama zote. Kwa busara, sina hakika: karatasi ileile iliposhuka thamani, uso ulioshuka nayo ulikuwa wake. Na alipokuwa Jaji Mkuu, mwaka 1870, aliongoza uamuzi uliosema noti hizo hazikuweza kulazimishwa kulipia madeni ya kabla ya sheria yake. Mahakama ikageuka mwaka uliofuata.

Ndoa ya Kate iliingia katika hesabu hiyo. Tarehe 12 Novemba 1863 aliolewa na William Sprague, seneta na gavana wa zamani wa Rhode Island, kijana wa miaka 33 ambaye kampuni ya familia yake, A. & W. Sprague, ilikuwa kati ya watengenezaji wakubwa wa vitambaa vya pamba vya kuchapwa maua nchini. Lincoln alihudhuria, mkewe hakwenda. Bendi ya Wanamaji ilipiga wimbo uliotungwa kwa ajili ya bibi harusi. Sprague aliinunua nyumba ya barabara ya Sita, na Chase akaendelea kuishi humo pamoja na maharusi. Kuanzia hapo gharama za kampeni ya baba zilihamia kwenye mfuko wa mkwe.

Kusema Kate aliolewa kwa fedha peke yake ni haraka. Barua za uchumba zinaonyesha mapenzi pande zote mbili. Lakini mume mwenyewe alikuwa mtu aliyejeruhika. Baba yake, Amasa Sprague, aliuawa kwa kipigo siku ya mwisho ya mwaka 1843, William akiwa na miaka 13, na muda si mrefu mtoto akatolewa masomoni kwenda kufanya kazi katika biashara ya ukoo. Mhamiaji wa Ireland aitwaye John Gordon alinyongwa 1845 kwa mauaji hayo, kwa ushahidi dhaifu kiasi kwamba jimbo lilifuta adhabu ya kifo mwaka 1852 na likamsamehe marehemu rasmi mwaka 2011. William alikua akijua viwanda na pombe. Akiwa gavana alikwenda vitani Bull Run, Julai 1861, na huo ukabaki kuwa mwaka wake bora.

Viwanda vile vilihitaji pamba, na pamba ilikuwa upande wa maadui. Uhaba huo ulifika hata pwani yetu: merikani, kitambaa kilichotawala masoko ya Unguja na misafara ya bara, kilipungua wakati wa vita na vya Uingereza na India vikapata mwanya. Huko Rhode Island, kampuni ya Sprague ilihusishwa na mpango wa mfanyabiashara mmoja, Harris Hoyt, wa kutoa pamba Texas kwa kupeleka bidhaa upande wa waasi. Chase alikataa kumpa Hoyt kibali. Habari hiyo ilizimwa vita vilipokwisha, ikafufuka Seneti mwaka 1870, na ndoa ikazidi kulemewa. Fikiria ugumu wa Kate: baba ndiye mwenye kutoa vibali, mume ndiye mwenye njaa ya pamba, na wote wanalala nyumba moja.

Jaribio la urais la 1864 lilivunjika mapema. Mwezi Februari waraka wa siri wa seneta Samuel Pomeroy, uliomsifu Chase na kumponda Lincoln, ulivuja magazetini. Wanachama wa Ohio wenyewe wakamuunga mkono Lincoln, na Chase akajitoa mwezi Machi. Mwisho wa Juni aliandika barua ya kujiuzulu, kama alivyokuwa amefanya mara nyingine ili abembelezwe, na safari hii Lincoln akaikubali. Desemba akamteua Jaji Mkuu. Mshahara ulikuwa dola 6,500, pungufu ya uwaziri, na hakukuwa na kazi za forodha za kugawa. Kwa mwendesha kampeni, hilo lilikuwa pigo: mgombea kapanda heshima, kashuka uwezo.

Sasa tufike 1868, maana hapa ndipo kipaji chake kinapopimika. Katika majira ya kuchipua, Chase alisimamia kesi ya Seneti ya kumwondoa Rais Andrew Johnson. Aliiendesha kisheria badala ya kichama, na Wanarepablikani, chama chake, wakamwona msaliti. Johnson alinusurika kwa kura moja: 35 dhidi ya 19, wakati 36 zilihitajika. Sprague alipiga kura ya kumtia hatiani. Mbele ya macho ya mji mzima, mume wa Kate alikuwa amepiga kura dhidi ya matarajio ya mkwewe. Wademokrati nao wakaanza kumtazama Chase kwa jicho jipya.

Mkutano mkuu wa Wademokrati ulifunguliwa New York tarehe 4 Julai, katika ukumbi mpya wa Tammany, kundi la Wademokrati wa mji huo. Kate aliweka makao katika hoteli ya Fifth Avenue. Mwanamke hakuruhusiwa kuwa mjumbe, kwa hiyo hakuweza kukanyaga sakafu ya ukumbi. Alipokea wajumbe hotelini, akatuma watu, akaandika barua kwa baba yake Washington kila alipopata nafasi. Kanuni ya chama ilidai theluthi mbili: kura 212 kati ya 317. Kwa kanuni kama hiyo, kuongoza duru ya kwanza hakuna maana kubwa. Anayeongoza hushambuliwa na wote. Mpango wa kambi ya Chase ulikuwa kutomtaja kabisa mwanzoni, kuwaacha wenye nguvu wachoshane, kisha ujumbe wa New York umpendekeze kama suluhu.

Nusu ya kwanza ya mpango ilikwenda sawasawa. George Pendleton wa Ohio alifika kileleni katika duru ya nane kwa kura 156 na nusu, akaanza kushuka. Wakafuata Jenerali Hancock na Hendricks wa Indiana, wakizuiana. Ikatokea nusu kura kutoka California kwa jina la Chase, na roshani zikalipuka kwa shangwe. Shangwe za roshani, hata hivyo, hazihesabiwi.

Kilichoharibika kilikuwa kinaonekana tangu mbali. Kwanza, suluhu haikuhitaji kutafutwa nje: Horatio Seymour, gavana wa zamani wa New York, alikuwa ameketi jukwaani kama mwenyekiti wa mkutano, na kila mjumbe alimwona kutwa nzima. Duru ya 22, Ohio, jimbo la Chase mwenyewe, ilimtupa Seymour kinyang'anyironi. Akakataa, akaondoka jukwaani. Majimbo yakabadilisha kura moja baada ya jingine mpaka zote 317 zikawa zake. Pili, ujumbe wa New York, ambao Samuel Tilden alikuwa na sauti kubwa ndani yake, haukuwahi kulitaja jina la Chase. Kate aliamini walimwuza. Huenda. Lakini sababu ya tatu inatosha peke yake: Chase alitaka msamaha kwa waasi wote na haki ya kura kwa wanaume wote, weusi wakiwemo, na chama kile kilikuwa kimetoka kupitisha ilani inayoziita sheria za ujenzi mpya wa Kusini baada ya vita batili. Hakuna orodha ya kadi, wala karamu, wala meneja, ambaye angeuza bidhaa hiyo kwa wanunuzi wale. Baba alikuwa amemwandikia kumtahadharisha kwamba anazama mno katika siasa. Ni ajabu kidogo: alimlea kwa kazi hiyo, akala matunda yake, kisha akaona haya kazi ilipoonekana hadharani.

Chase alifariki 7 Mei 1873, New York, nyumbani kwa Nettie, ambaye hakukabidhiwa mradi wowote na aliishi kwa utulivu zaidi. Miezi minne baadaye, tarehe 18 Septemba, benki ya Jay Cooke ilifunga milango na mtikisiko ukaikumba nchi. A. & W. Sprague ilikuwa na mali nyingi na taslimu kidogo. Ilikuwa imekopa kwa hati za muda mfupi na kununua vitu vya muda mrefu: ardhi, viwanda, haki za maji ya kuendeshea mitambo hadi Maine na South Carolina. Mtindo huo hufanya kazi maadamu kila hati inayoiva inalipwa kwa hati mpya. Soko likisita wiki chache tu, kampuni yenye utajiri wa mamilioni haiwezi kulipa deni la Jumatatu. Mali zikakabidhiwa kwa mdhamini, Zechariah Chafee, na kesi zikadumu miaka. Katikati ya hali hiyo, kasri la Kate na mumewe, Canonchet, kule Narragansett, lenye vyumba zaidi ya sitini, liliendelea kudai ukarabati na watumishi.

Katika mwaka mmoja, basi, Kate alipoteza mgombea na mfadhili. Uhusiano wake na Roscoe Conkling, seneta wa New York mwenye mke, hujadiliwa kama kisa cha mapenzi peke yake. Nafikiri ulikuwa pia njia pekee iliyobaki ya kukaa karibu na siasa. (Mke wa Conkling, Julia, alikuwa dada wa Horatio Seymour yuleyule, Washington ilikuwa mji mdogo.) Agosti 1879, Sprague alimkabili Conkling Canonchet akiwa na bunduki, na magazeti yakapata habari ya msimu mzima. Mwishoni mwa mwezi Kate alitoroka na mabinti watatu. Talaka ilitoka 1882: alibaki na wasichana, akarudia jina la Chase, na mtoto wa kiume, Willie, akabaki upande wa baba. Willie alijiua mwaka 1890 akiwa na miaka 25.

Upo uvumi kwamba Februari 1877, katika mgogoro wa urais kati ya Hayes na Tilden, Kate alimshawishi Conkling asitokee Seneti, ambako kura yake ingeweza kumsaidia Tilden, ili kumlipizia Tilden kisasi cha 1868. Kutokuwepo kwa Conkling ni kweli. Sababu yake ni maneno ya watu. Inashangaza jinsi waandishi wanavyokuwa wepesi kumpa uwezo wa kuamua urais kwa kunong'ona faraghani, huku wakiipitia kwa aya moja kazi ya Julai 1868 aliyoifanya mchana kweupe na kuiandikia barua.

Miaka ya mwisho aliishi Edgewood, shamba la baba yake nje kidogo ya Washington, nyumba ikichakaa na rehani ikiwa juu yake. Alifuga kuku na kuuza mayai, maziwa na mboga katika mji ambao mawaziri walikuwa wakipanga foleni mlangoni kwake. Mwaka 1886 alihamisha mwili wa baba yake kutoka Washington hadi makaburi ya Spring Grove, Cincinnati. Alifariki 31 Julai 1899 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 58, akazikwa hukohuko.

Sprague alioa tena 1883. Canonchet iliungua Oktoba 1909, naye akafia Paris Septemba 1915. Alikuwa amefilisi kampuni, amelewa hadharani, amemtolea mtu bunduki mbele ya watoto wake, na hakushika wadhifa wa maana kwa miaka arobaini. Mpaka siku hiyo watu walimwita Gavana.